Upanuzi wa barabara ya Arusha–Moshi–Himo: nani alipe, na tuanze na nini?

Mwalimu_Boma aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Boma Ng'ombe, na ni mjumbe wa kamati ndogo ya wakazi iliyopewa kazi ya kuandaa hoja za kupeleka kwenye mkutano wa wadau wa barabara. Katika kamati yetu kila mtu anataka barabara ipanuliwe, lakini likifika suala la fedha tunagawanyika. Naomba msaada wa wenye ujuzi ili tusiende kusema mambo ya kubahatisha mbele ya wataalamu.

Wanaotumia barabara hii wanaijua hali yake. Mradi ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2013 uliipanua barabara kuwa ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, umbali wa kilomita 14.1, na ukajenga barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 inayolipita jiji la Arusha kwa upande wa kusini. Faida yake imeonekana, hakuna anayebisha. Lakini ukishaipita Tengeru njia nne zinageuka mbili. Siku za soko, yaani Jumatano na Jumamosi, malori yanayotoka mpakani Holili, mabasi ya Dar es Salaam, Noah za Usa River na pikipiki zilizobeba mikungu ya ndizi vyote vinabanana kwenye lami ileile. Ukifika mteremko wa Kikafu, lori moja lenye mzigo likishuka kwa gia nzito linatosha kuvuta nyuma yake msururu mrefu wa magari, na ndipo madereva wenye haraka wanapojaribu kupita mahali pasipopitika.

Wapo kwenye kamati wanaosema serikali ikope. Wengine wanataka aje mwekezaji ajenge, kisha tulipie tunapopita. Na wapo wanaosema tusubiri hadi nchi iwe na fedha zake, kwa kuwa madeni yatawaelemea wajukuu. Ninapenda kuelewa mambo matatu: serikali huamuaje barabara ipi ipanuliwe na lini, njia hizo za fedha zinatofautiana wapi hasa kwa sisi tunaoishi kando ya barabara, na je, kuna jambo ambalo sisi wananchi tunaweza kulidai sasa, kabla ya fedha za ujenzi kupatikana?

---

Mhandisi_Machame alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma swali lako kwa makini, na nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu mambo yako matatu yamefungamana. Nimefanya kazi ya usanifu na usimamizi wa barabara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninachokueleza hapa ni utaratibu ulivyo.

Uamuzi wa kupanua barabara huanza na watu waliokaa kando yake wakihesabu magari kwa siku saba mfululizo, na baadhi ya siku hizo huhesabu usiku na mchana. Wanatenganisha pikipiki, magari madogo, mabasi na malori kwa idadi ya ekseli, na sehemu nyingine wanawasimamisha madereva kuwauliza wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Takwimu hizo zinaingia katika upembuzi yakinifu, ambamo mtaalamu anakadiria magari yatakavyoongezeka kwa miaka ishirini hivi, kisha analinganisha hali mbili: barabara ikijengwa na barabara isipojengwa. Faida zinazohesabiwa ni muda wa wasafiri, mafuta na vipuri vinavyookolewa, na ajali zinazopungua. Kwa miaka mingi mabenki ya maendeleo yametumia kipimo cha asilimia 12: mradi ambao faida yake kwa uchumi haifikii kiwango hicho kwa mwaka, hauingii kwa urahisi kwenye orodha ya mikopo.

Ugumu unaanzia hapo, hasa katika nchi ambayo uchumi wake unakua haraka. Makadirio hutegemea takwimu za nyuma, na takwimu za nyuma hazioni kiwanda ambacho bado hakijajengwa wala mtaa ambao bado ni shamba la mahindi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,694,310 katika mkoa wa Arusha, na ile ya 2022 ikahesabu 2,356,255. Ongezeko la namna hiyo katika miaka kumi halikai kwenye vitongoji vya ndani peke yake. Linafuata lami, na kila nyumba mpya na duka jipya kando ya barabara kuu huongeza mtu anayevuka, bodaboda anayeingia na tuta la kupunguza mwendo. Barabara iliyosanifiwa kwa ajili ya safari ndefu inageuka kuwa mtaa. Ndiyo maana mimi siamini hoja ya kusubiri. Mwaka wa kusubiri una gharama yake, na gharama hiyo inalipwa na mwenye basi, mkulima na mgonjwa aliye kwenye gari la wagonjwa, ingawa haiandikwi kwenye kitabu cha serikali.

Hata hivyo, kutosubiri hakuna maana ya kumwaga lami ya njia nne kila mahali kwa mara moja. Usanifu mzuri unaruhusu ujenzi wa awamu: unachukua eneo la njia nne, unajenga makaravati na madaraja yanayotosha njia nne kwa sababu hivyo ni vigumu na ghali kuvipanua baadaye, kisha unaweka lami ya njia mbili na kuongeza nyingine magari yakifika kiwango fulani. Sehemu zenye miji na miteremko, kama Usa River, Boma Ng'ombe na Kikafu, ndizo zinazostahili kutangulia.

Sasa fedha. Barabara kuu na za mikoa, zaidi ya kilomita 36,000, zipo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, mijini na vijijini, kilomita zinazozidi 144,000, zipo chini ya TARURA tangu 2017. Mfuko wa Barabara unapata fedha hasa kutokana na tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita ya mafuta, na sheria inaelekeza angalau asilimia 90 ya fedha hizo ziende kwenye matengenezo. Watu wengi hawalijui hili, wakafikiri tozo ya mafuta ndiyo inayojenga barabara mpya. Kazi ya mfuko ni kuzilinda zile zilizopo, na hata kwa kazi hiyo hautoshi. Ujenzi mpya unatokana na bajeti ya maendeleo, yaani kodi zetu, au mkopo.

Mkopo wa masharti nafuu kutoka benki ya maendeleo au serikali rafiki unalipwa kwa miongo kadhaa, una miaka ya mwanzo ya kutolipa deni la msingi, na riba yake ni ndogo. Kwa barabara ya aina yetu, inayounganisha Tanzania na Kenya kupitia Holili na Taveta, mkopo kama huo unapatikana kwa urahisi zaidi kwa sababu ni ushoroba, yaani njia kuu ya biashara, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini una mambo mawili ya kuangaliwa. Unalipwa kwa fedha za kigeni, wakati magari yanayopita Boma Ng'ombe yanalipa kodi kwa shilingi. Dola iliyokuwa karibu shilingi 2,300 mwaka 2022 ilizidi 2,600 mwaka 2024, na deni likapanda kwa shilingi bila mtu kukopa senti mpya. Jambo la pili ni kwamba mkopeshaji kwa kawaida halipi fidia ya ardhi. Fidia ni jukumu la serikali yetu kwa fedha zetu, na nimeshuhudia miradi ambayo fedha za ujenzi zipo, mkandarasi ameshaleta mitambo, lakini kazi imesimama kwa sababu kipande cha kilomita chache hakijalipwa fidia. Mkandarasi anayesimamishwa anadai gharama za kusimama, na madai hayo hayajengi hata mita moja.

Kwa hiyo swali lako la tatu lina jibu: daini ardhi ya barabara itwaliwe na ilipwe mapema, kabla ya mkandarasi kutafutwa. Hiyo ndiyo sehemu ya mradi tunayoweza kuigharamia wenyewe, kwa shilingi, hata leo.

---

Msafirishaji_Himo alijibu:

Mwalimu, shikamoo, na shikamoo Mzee Mhandisi. Mimi nina malori mawili yanayobeba saruji na nafaka kati ya Tanga, Himo na Arusha. Sikatai kulipia barabara. Ninachotaka kujua ni kwamba nikilipa pale kwenye lango la tozo ninapata nini ambacho sikipati leo, kwa sababu katika kila lita ya dizeli ninayonunua nimeshachangia, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Niliikubali ile kwa moyo mmoja, maana mzigo wangu wa mahindi unaanzia kwenye barabara ya udongo. Lakini ikija tozo ya pili juu yake, bila njia nyingine ya kupita kwa asiyeweza kulipa, gharama hiyo itahamia kwenye bei ya mfuko wa saruji na mama mwenye kujenga chumba kimoja ndiye atakayeilipa.

Ninaomba pia reli isisahaulike katika hoja zenu. Treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi ilirudi mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya kusimama. Saruji ni mzigo wa reli. Ninasema hivi nikijua kwamba nitapoteza baadhi ya kazi, lakini ni afadhali nipoteze safari za Tanga kuliko kuendelea kugombania njia na mabasi ya abiria pale Kikafu.

---

Mhandisi_Machame aliongeza:

Msafirishaji amenikumbusha jambo ambalo wenye fedha hulisahau. Uharibifu wa lami hauongezeki sawasawa na uzito. Unaongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito × uzito × uzito × uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne na jumla ya tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Ekseli ya tani 10 ikibeba 12, mzigo umezidi kwa asilimia 20 tu, lakini uharibifu unakuwa mara mbili. Barabara iliyosanifiwa idumu miaka ishirini inaweza kuisha katika kumi, na deni lake likabaki palepale. Mizani ya kupimia malori ya Njiapanda inalinda mkopo wetu kuliko watu wanavyodhani, na anayepitisha lori lililozidisha anakula matengenezo ya miaka mingi ijayo.

---

Mthamini_Moshi alijibu:

Salaam kwenu nyote. Ninafanya kazi ya uthamini wa ardhi, na ninaunga mkono alichosema Mhandisi kuhusu kutwaa ardhi mapema, ila niongeze yale ninayoyaona huko chini, kwa sababu wakazi wengi wanafika mkutanoni bila kujua haki yao inaanzia wapi.

Kwa sheria ya zamani iliyotungwa mwaka 1932, hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliiongeza kuwa mita 30 kila upande. Mita hizo 7.5 zilizoongezwa ndizo chanzo cha migogoro mingi. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 baada ya barabara kuwepo anahesabiwa amevamia, na nyumba yake huwekwa alama ya X nyekundu bila fidia. Aliyeko kati ya mita 22.5 na 30 ambaye alikuwepo kihalali kabla ya sheria mpya, barabara ilimfuata yeye, na ana haki ya kulipwa. Kwake alama huwa ya kijani. Wapo wazee waliokaa na X ya kijani ukutani kwa miaka, hawathubutu kuezeka upya wala kujenga choo kipya, kwa hofu kwamba kesho tingatinga litafika. Tatizo la kweli kwa familia nyingi ni kule kusubiri bila tarehe.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Mthamini anafika na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mwenye ardhi anasimama kwenye mpaka wake, na kila kitu kinaandikwa kwenye fomu mbele yake: ukubwa wa ardhi, nyumba na hali yake, kisima, uzio, migomba kwa shina, mibuni kwa umri na hali yake. Mwenye mali anapigwa picha akiwa mbele ya mali yake na anasaini. Kuanzia Kiboriloni kwenda Uchira na Himo, ambako migomba inasogea karibu kabisa na lami, shamba dogo linaweza kuchukua nusu siku. Kanuni za 2001 zinataka pia ilipwe posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na kwa mwenye biashara, faida anayoipoteza. Ninawaomba wakazi wasisaini fomu ambayo hawajaisoma mstari kwa mstari. Shina la mgomba lililosahaulika siku ile ni vigumu kuliingiza baadaye.

Kuna muda ambao kamati yenu inapaswa kuufahamu. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, uthamini wa fidia ukishaidhinishwa unaisha nguvu baada ya miaka miwili, na fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kudaiwa riba. Bei ya viwanja kando ya barabara kuu haisubiri bajeti. Tangazo la upanuzi likitoka tu, watu wanaanza kununua na kujenga haraka, na serikali inayochelewa miaka mitano inajikuta inalipia majengo ambayo hayakuwepo siku ya kwanza. Ukiyajumlisha hayo, kulipa mapema ni nafuu kwa serikali na ni haki kwa mwananchi. Sijui jambo jingine katika mradi wa barabara ambalo linawafaa wote wawili kwa uwazi namna hiyo.

---

Mwalimu_Boma aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimeanza kuona mpangilio wa hoja zetu. Bado limebaki suala la mwekezaji, kwa sababu vijana katika kamati wanalishikilia kwa nguvu. Wameona barabara ya juu ya Nairobi na wanauliza kwa nini sisi tusipate ya namna hiyo bila serikali kutoa fedha. Ninaomba mtu anayelifahamu atueleze bila kutuficha ubaya wala uzuri wake.

---

Mchumi_Njiro alijibu:

Mwalimu, vijana wako wana hoja yenye uzito, na wanastahili kujibiwa kwa hesabu.

Barabara ya Nairobi wanayoizungumzia ina urefu wa kilomita 27.1, ilianza kutumika mwaka 2022, na ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 668, ambazo kampuni itazirudisha kwa kukusanya tozo kwa miaka 27. Iliwezekana kwa sababu mbili: chini yake ipo barabara ya kawaida ambayo asiyetaka kulipa anaitumia, na inaunganisha uwanja mkubwa wa ndege na katikati ya jiji lenye magari mengi mno. Kwetu, mpango wa barabara ya haraka ya Kibaha–Chalinze, kilomita 78.9, umewekwa kwenye utaratibu wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi kwa mantiki hiyohiyo, kwa kuwa hapo ndipo magari yote ya bandari ya Dar es Salaam yanapopita.

Tufanye hesabu ya mfano kwa Arusha–Moshi. Tuseme magari 10,000 yanapita kila siku na kila moja linalipa shilingi 2,000. Hiyo ni shilingi milioni 20 kwa siku, au bilioni 7.3 kwa mwaka. Upande wa gharama, mikataba ya kilomita 2,035 iliyosainiwa Dodoma mwaka 2023, ambayo ndani yake kulikuwa na barabara ya Arusha–Kibaya–Kongwa na ile ya Karatu–Mbulu–Haydom hadi Maswa, ilitajwa kuwa na thamani ya shilingi trilioni 3.7 hivi, yaani karibu bilioni 1.8 kwa kilomita ya barabara ya kawaida. Tukikadiria bilioni 3 kwa kilomita ya kupanua kuwa njia nne, kilomita 80 zinagharimu bilioni 240. Mwekezaji akikopa kwa riba ya asilimia 12, riba peke yake ni bilioni 28.8 kwa mwaka. Tozo yetu ya mfano haifikii hata theluthi ya riba, na bado hajarudisha mtaji wala kufyeka majani. Badilisheni namba mnavyotaka, pandisheni tozo au magari. Pengo litapungua, lakini mtaona kwamba halizibiki kirahisi.

Mwekezaji anaijua hesabu hiyo. Akikubali kujenga, ataomba serikali imhakikishie mapato: magari yakipungua chini ya kiwango, hazina inajazia. Hapo barabara iliyosemwa kuwa haina fedha za serikali inakuwa na deni la serikali ambalo halionekani vitabuni hadi siku linapodaiwa. Ile mikataba ya 2023 ilisainiwa kwa utaratibu wa mkandarasi kujenga kwa fedha anazozitafuta mwenyewe na serikali kumlipa baadaye. Huo nao ni mkopo, na kwa kawaida mkandarasi anakopa kwa riba kubwa kuliko serikali, kisha anaiweka riba hiyo ndani ya bei. Unapouona utaratibu wa namna hiyo, uliza nani anabeba hatari magari yasipofika, shilingi ikishuka, au ardhi ikichelewa. Anayebeba ndiye mgharamiaji wa kweli, jina la mkataba liwe lolote.

Nchi nyingine zimepita njia hii na zina la kutufundisha. China iliamua mwaka 1984 kukopa ili kujenga na kutoza ili kulipa. Barabara yake ya kwanza ya haraka ilifunguliwa Shanghai mwaka 1988, na sasa ina zaidi ya kilomita 180,000 za aina hiyo, mtandao mkubwa kuliko wa nchi yoyote. Uchumi wake ulibebwa na barabara hizo, sina shaka. Lakini majimbo yaliendelea kujenga hadi maeneo yenye magari machache, na kwa miaka mingi mapato ya tozo kwa ujumla wake hayakutosha kulipa riba, deni la msingi na matengenezo kwa pamoja. India iliwaachia kampuni binafsi hatari yote ya idadi ya magari, nyingi zikaahidi kupita kiasi na miradi ikakwama. Tangu 2016 inatumia utaratibu ambao serikali inatoa asilimia 40 ya gharama wakati wa ujenzi na kulipa asilimia 60 kidogokidogo kwa miaka 15, huku mkandarasi akibaki na jukumu la kuitunza barabara. Mimi ninaupenda utaratibu huo kwa sababu anayejenga vibaya anajiumiza mwenyewe. Afrika Kusini ilianza kutoza kwa mitambo kwenye barabara za jimbo la Gauteng mwezi Desemba 2013, barabara ambazo watu walikuwa wamezizoea bila malipo. Wengi walikataa kulipa, na mwaka 2024 mitambo ikazimwa. Tozo bila ridhaa haikusanyiki.

Tanzania nayo ina mifano yake. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilijengwa kwa mchango wa asilimia 60 wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na serikali asilimia 40, likafunguliwa mwaka 2016, na magari yanalipa. Fedha zilikuwa za ndani, kwa shilingi, kutoka akiba za wafanyakazi, na malalamiko ya wananchi kuhusu viwango yalifanya tozo ipunguzwe mwaka 2022, jambo linaloonyesha kwamba hata tozo iliyokwisha kuandikwa ni suala la siasa pia. Halafu mwishoni mwa 2024 benki ya CRDB ilitoa hatifungani (hati ya kukopa fedha kwa umma) ya miundombinu ya Samia kwa riba ya asilimia 12, ikilenga shilingi bilioni 150, ikakusanya bilioni 323. Fedha hizo ni za kuwakopesha wakandarasi wa ndani wanaofanya kazi za TARURA, hivyo si za barabara kuu, lakini zinathibitisha kwamba akiba ipo ndani ya nchi na watu wako tayari kuiweka kwenye barabara ikiwa wanaamini watalipwa.

Kwa maoni yangu, kamati yenu iombe mkopo wa masharti nafuu kwa ujenzi wa sehemu zilizobanana, fedha za bajeti ya ndani kwa ardhi na fidia, na ahadi iliyoandikwa kuhusu fungu la matengenezo. Tozo iachwe kwa barabara mpya ambayo ina mbadala wa bure. Kati ya Tengeru na Himo mbadala huo haupo.

---

Mwalimu_Boma aliandika:

Mchumi, hesabu hiyo nitaiandika ubaoni kamati itakapokutana, na vijana waibadilishe wenyewe kama ulivyosema. Kwa Mthamini ninalo swali moja la mwisho. Familia kadhaa upande wa Himo zina makaburi ya wazazi karibu na barabara, na zinaogopa kuhudhuria mkutano zikidhani kwamba kulitaja kaburi ni kukubali lihamishwe. Tuwaambie nini?

---

Mthamini_Moshi alijibu:

Mwalimu, waambieni waje, na wayataje. Ipo Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya mwaka 1969, ambayo inataka taarifa itolewe kabla, na inaruhusu kulipwa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na hata za tambiko au ibada inayohitajika. Kaburi ambalo halikuandikwa ndilo lililo hatarini, kwa sababu msanifu akichora mstari hatajua lipo, na mkandarasi atalikuta tingatinga likiwa kazini. Likiandikwa wakati wa usanifu, kuna nafasi mstari ukasogezwa mita chache upande wa pili, na nimeona hilo likifanyika. Waende na majina ya marehemu, mwaka wa maziko kama unajulikana, na ndugu mmoja aliyekubaliwa na ukoo kusaini. Wapime pia kwa mita umbali kutoka katikati ya barabara hadi kaburini, waandike, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji.